Ukuta ni nguo ya nyumba: historia ya kuta zetu mu Lubumbashi na vijiji vya pembeni

Tunapozungumza juu ya desturi za wazee wetu, mara nyingi tunataja ngoma, ndoa, majina na vyakula. Ukuta wa nyumba tunausahau. Lakini ukuta nao ni desturi, sababu watu waliujenga kwa akili fulani, na akili ile wakawaachia watoto wao. Katika kurasa hizi tunataka kufuata historia ya ukuta mu inchi yetu ya Katanga ya Juu, na kujibu swali moja ambalo kila mama wa nyumba analijua: kwa nini nyumba nyingi za leo ziko na baridi kali mwezi wa sita na joto kali mwezi wa kumi, kuliko zile za matope tulizojifunza kuzionea haya?

Tuanze na hali ya hewa. Lubumbashi iko kwenye urefu wa meta 1.200 hivi juu ya bahari. Kipwa kinashika tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa. Mwezi wa sita na wa saba, kuko usiku ambao joto linashuka chini ya digri 10, na mchana jua linawaka vizuri. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, mchana inapita digri 30. Shida yetu basi si baridi peke yake wala joto peke yake: ni tofauti kubwa ya mchana na usiku. Nyumba nzuri hapa ni ile inayojua kusawazisha.

Wazee wetu Balamba na majirani wao walijua hiyo. Walisimamisha miti, wakaifunga na kamba za maganda, wakajaza matope ndani na inje. Juu waliweka nyasi, safu nene, na wakaziacha zishuke chini sana kupita ukuta. Kila kitu kilikuwa na kazi yake. Nyasi zinashika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ni sababu ile ile ambayo blanketi ya manyoya inatupatia joto. Udongo nao ni mzito: unakunywa joto polepole na kulitoa polepole. Kwa ukuta wa udongo wa sentimeta 30, joto la mchana linatumia masaa kama nane mpaka kumi kupita, maana linafika ndani wakati watu wanaanza kusikia baridi. Na nyasi zilizoshuka ziliukinga ukuta na jua kali na mvua. Kisha, wakati wa kipwa, ukuta ulikandikwa tena, sababu mpasuko mmoja unatosha kuingiza upepo usiku kucha.

Halafu yakaja mambo mapya. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji wa Élisabethville ukaanzishwa, na mwaka 1911 kiwanda cha shaba kikaanza kuyeyusha. Watu waliletwa kutoka mbali na kuwekwa mu kampi. Vibanda vya kwanza vilijengwa haraka haraka, watu wakasongamana. Pneumonia ilikuwa kati ya magonjwa yaliyoua sana wafanyakazi wa miaka ile. Tusikosee hapa: matope si yaliyoua. Kibanda cha haraka kilichukua umbo la nyumba ya kijiji, bila unene wake, bila kukandikwa kila mwaka, na bila nafasi.

Karibu mwaka 1928 kampuni ilishika mpango wa kukaza wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao. Nyumba za tofali za kuchoma zikaongezeka. Udongo wake ulitoka mara nyingi mu vichuguu vya mchwa, vile vikubwa vya Katanga vinavyoweza kufika meta 8 za urefu. Tofali hiyo ni nzuri, tuseme wazi: iko nguvu, na ukuta wake mnene unatunza joto. Lakini ilichomwa na miti ya miombo. Na pamoja nayo ilikuja fikara nyingine: kwamba mtu wa tofali ameendelea, na mtu wa matope amebaki nyuma. Fikara ile haikuondoka na wakoloni. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, Gécamines ikachukua kazi yake, na aibu ya matope ikabaki.

Tangu miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka, kila mtu alijijengea kwa uwezo wake. Leo tunaonaka kuta za bloki za sima, nyembamba, zenye matundu ndani, bila plasta inje, na juu malata bila dari. Lata halina unene wa kuchelewesha kitu: jua likipiga, joto linaingia papo hapo, usiku ukiingia, linatoka papo hapo. Basi mama anafanya nini? Anaingiza mbabula ndani. Anaongeza makala, na makala inatoka mu miombo, ambayo imerudi nyuma makumi ya kilometa kuzunguka mji. Mbaya zaidi, mbabula mu chumba kilichofungwa inatoa gazi isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala nayo, hawaamuki. Ukuta mbaya basi unatula mara tatu: mu mfuko, mu pori, na mu uhai.

Ulaya, bei ya petroli ilipopanda mwaka 1973, watu walianza kwa nguvu kuzivalisha nyumba zao: pamba ya mawe, frigoliti, na plasta juu yake. Mafundi wao wanaeleza kwamba, kwa nyumba inayopashwa moto daima, nguo ile ikiwekwa upande wa inje ukuta mzito unabaki ndani na kutunza joto. Si lazima tununue frigoliti yao, lakini kanuni yao ni ile ile tuliyoiona kwa nyasi na matope.

Tunaweza kufanya nini? Mwenye bloki apige plasta inje na kuziba mipasuko. Aweke dari chini ya malata, hata ya mikeka, sababu joto nyingi inapita juu. Ukuta wa upande wa magaribi, unaopigwa na jua la jioni, aupake chokaa nyeupe au aupandie mti. Anayeanza kujenga asidharau tofali mbichi: msingi wa mawe, ukuta wa sentimeta 30, na paa lenye mabawa marefu. Haichomi hata mti mmoja. Wengine watasema mchwa na mvua vitaiharibu. Ni kweli, kama msingi ni wa udongo na paa ni fupi. Ndiyo maana wazee walishusha nyasi zao chini vile. Na hata nyumba ikipata joto, dirisha lisizibwe kabisa, na mbabula ilale inje.

Hatusemi turudi wote mu nyumba ya mviringo. Watoto wetu wanataka vyumba, na ni haki yao. Tunaomba tu kwamba, siku ya kuhesabu bloki na mifuko ya sima, tuulize pia ukuta ule utafanya nini saa tisa ya usiku mwezi wa saba. Wazee waliuliza hiyo mbele ya kukata mti wa kwanza. Kati yao wako wanaojua bado namna ya kuchagua udongo usiopasuka. Tuwaendee wangali hai.