Reli Iliyoishia Ziwani

Basi la Kampala huingia hapa kituo cha Nyabugogo, Kigali, kupitia mpaka wa Gatuna, abiria wakishuka na miguu iliyovimba. Treni haijawahi kufika Rwanda.

Mhandisi Mwingereza George Whitehouse alitua Mombasa Desemba 1895 kujenga reli ya Uganda. Mei 1899 reli yake ilifika Nairobi, wakati huo kinamasi kama kile cha bonde hili la mto Nyabugogo, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa Ziwa Viktoria, Kisumu ya leo: karibu kilomita 930. Yeye akapewa cheo cha Sir. Mataruma waliyabeba vibarua, zaidi ya 30,000 kutoka India. Takriban 2,500 kati yao hawakurudi kwao wakiwa hai.

Makontena ya Mombasa bado huja Kigali kwa malori.