Wasia wa Mama Mgonjwa: Kuisoma Upya Dibaji ya Bibi Salme

Mwezi Mei 1886, mjini Berlin, mwanamke wa miaka 41 aliikamilisha dibaji ya kitabu chake na kuitia tarehe. Kitabu chenyewe, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitoka mwaka huohuo, na mwandishi wake alijulikana katika mji ule kwa jina la Emily Ruete. Kwao Unguja alikuwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan. Dibaji ni fupi, na wasomaji wengi huipita haraka ili wafike kwenye majumba, bustani na masuria. Hata hivyo ndani yake mna ungamo ambalo lingepasa kuongoza usomaji wa kurasa zote zinazofuata. Bibi Salme anasema kwamba alianza kuandika miaka 9 kabla ya hapo, na kwamba aliwaandikia watoto wake, ambao hadi wakati ule walijua machache tu kumhusu: kwamba ni Mwarabu na kwamba amezaliwa Zanzibar. Anaeleza pia kwa nini hakungoja wakue ili awasimulie kwa mdomo. Alikuwa amechoka mwili na roho, na hakutumaini kuishi hadi siku hiyo.

Miaka 9 kabla ya 1886 ni mwaka 1877. Mkubwa wa watoto alikuwa na umri wa miaka 9, wa kati 8, na mdogo 7.

Wataalamu wamekisoma kitabu hiki kwa miwani mingi. Wapo waliokitazama kama ushuhuda wa nadra wa maisha ya ndani ya nyumba ya kifalme. Wengine wamekisoma kama majibu ya mwanamke wa Mashariki kwa dhana za Wazungu, au kama hati ya enzi ya ukoloni wa Kijerumani, au kama utetezi usiopendeza wa utumwa. Usomaji wote huo una haki yake. Lakini dibaji yenyewe inakiweka kitabu kwenye rafu nyingine, ambayo katika fasihi ya Kiswahili si ngeni hata kidogo: rafu ya maandishi ya mama anayeumwa, anayehofia kwamba kifo kitamfikia kabla hajamaliza kulea.

Kwenye rafu hiyo tayari kulikuwa na Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwandikia binti yake Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka kama 17. Alifariki miaka miwili hivi baadaye. Msomaji aliyeusoma shuleni huukumbuka kwa mawaidha ya ndoa na adabu, na mabishano juu yake yameelemea hapohapo, kwa upande wa utiifu wa mke. Ni rahisi kusahau kwamba utendi unaanza kwa mama kuitisha wino na karatasi na unamalizikia katika dua ndefu ya mgonjwa anayeomba apone na watu wake wahifadhiwe. Bwana Mataka alikuwa adui mkubwa wa Seyyid Said. Jeshi la Sultani lilishindwa vibaya Siyu mwaka 1844, mwaka aleale aliozaliwa Salme. Nyumba mbili zilizopigana, basi, zilitoa wanawake wawili walioandika kutokana na hali moja. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Kinachowaunganisha ni kazi ya mama yenyewe: kulea, kuuguza, na kuhesabu siku.

Salme alijifunza kuuguza kwa kumtazama mama yake. Jilfidan alikuwa Mcherkesi, aliyetekwa akiwa mtoto na kufikishwa Zanzibar. Binti yake anamchora kama mwanamke mrefu, mwenye nguvu, asiye mrembo kwa vipimo vya jumba lile, lakini aliyependwa kwa sababu moja: palipokuwa na mgonjwa, yeye alikuwapo. Alizunguka kutoka kitanda hadi kitanda akiwa na vitabu vyake vya dua. Tiba yenyewe ilikuwa ya pwani na ya Arabuni kwa pamoja. Palikuwa na kombe lililoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi ili mgonjwa anywe, palikuwa na hirizi na chuku, na pepo walisingiziwa maradhi ambayo hayakueleweka. Bibi Salme, akiandika Ujerumani akiwa Mkristo, anayalaumu mengi ya hayo bila kuficha. Lakini anapofika kwenye uzazi sauti yake hubadilika. Anaeleza kwa utulivu jinsi mtoto mchanga alivyoviringishwa kitambaa, jinsi masikio ya mtoto wa kike yalivyotogwa siku ya saba, jinsi mama alivyokandwa na kutunzwa mpaka arobaini ilipotimia na nywele za mtoto zikanyolewa. Ni kurasa za mtu anayekumbuka kwamba mzazi hakuachwa peke yake hata siku moja.

Na hapa pana jambo ambalo yeye halisemi, au halitaki. Mikono mingi iliyomzunguka mzazi na mgonjwa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya watumwa. Yaya aliyemnyonyesha mtoto wa Sultani alikuwa naye na mtoto wake, au alikuwa amempoteza. Afya ya nyumba ile ilijengwa juu ya uchovu wa wanawake ambao hakuna aliyewaandikia arobaini yao. Bibi Salme aliutetea utumwa mpaka mwisho wa kitabu, na hilo haliwezi kupakwa rangi.

Mwaka 1859 kipindupindu kilikuwa kimeingia Unguja. Jilfidan alipopatwa, Salme, aliyekuwa na umri wa miaka kama 15, alikataa kuondolewa kando ya kitanda, ingawa walimwonya kwamba ataambukizwa. Mama alikufa kwa muda mfupi sana, kama kipindupindu kifanyavyo. Hakuacha wasia ulioandikwa. Baba alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856, na msichana yule alibaki na mali, na ndugu waliogombana, na ujuzi wa kuandika alioupata kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Majid mwaka huohuo, akawa mwandishi wa barua za waasi. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akiwa ametengwa na nusu ya ukoo.

Historia ya maji inafaa kutajwa hapa, maana ndiyo historia ya kifo cha Jilfidan. Mwaka 1854 huko London, John Snow alikuwa ameonyesha uhusiano wa kipindupindu na pampu ya maji, lakini wachache walimwamini. Zanzibar mjini watu walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa kati ya nyumba na vyoo. Barghash ndiye, baada ya kutawala kuanzia 1870, aliyeleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi, na inaelekea alichokiona Bombay kilimfunza. Wala Ulaya haikuwa salama: mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, uliokuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Wakati huo Bibi Salme alikuwa amekwisha kuhama mji huo, lakini ndio uliokuwa mji wake wa kwanza ughaibuni.

Alifika huko kwa njia inayojulikana. Alipata mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake, akatoroka mwezi Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mtoto wa kiume alizaliwa Desemba mwaka huohuo. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaolewa, na safari ya Ulaya ikaanza. Mtoto alikufa mwaka huo, kabla wazazi hawajafika makwao mapya. Katika Memoiren hatajwi. Wengine wameueleza ukimya huo kwa aibu ya mimba iliyotangulia ndoa, na bila shaka aibu ilikuwapo. Lakini kama kitabu ni wasia kwa watoto watatu walio hai, ukimya huo ni pia wa mama anayechagua ni mzigo upi watoto wataweza kuubeba.

Watatu hao walizaliwa Hamburg kwa kufuatana: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said 1869, Rosalie 1870. Barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake na ambazo ameziandika kana kwamba anamwandikia rafiki wa kike aliyebaki Zanzibar, zinaonyesha miaka hiyo kwa ukaribu kuliko kitabu. Mna baridi, giza la majira ya baridi, nyumba zilizofungwa madirisha, na lugha ambayo bado hakuijua. Mimba tatu kwa miaka mitatu, bila mama, bila dada, bila mkunga anayesema lugha yake. Kisha Agosti 1870, vita vya Ujerumani na Ufaransa vikiwa vimeanza mwezi uliotangulia, Heinrich aliumizwa na tramu ya farasi na kufariki baada ya siku chache. Rosalie alikuwa hajatimiza miezi minne. Mjane alikuwa na miaka 25.

Unguja mjane angeingia eda, na eda, pamoja na ugumu wake wote, humzungushia mwanamke watu. Hamburg ilimpa wasimamizi. Sheria ya mji ule haikumwachia mjane mamlaka kamili juu ya mali na watoto. Wanaume waliteuliwa kusimamia. Fedha zilipungua. Akahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa gharama nafuu, akifundisha Kiarabu ili kulisha nyumba. Yeyote aliyewahi kuishi ughaibuni akiwa na watoto wadogo, bila ndugu wa kumshikia mmoja wakati mwingine anaumwa homa, hahitaji kufafanuliwa maana ya uchovu unaotajwa katika ile dibaji.

Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London. Bibi Salme alikwenda huko akiwa na matumaini ya kupatana naye. Kwa masimulizi yake, Sir Bartle Frere alimuuliza lililo muhimu zaidi kwake, kupatana na jamaa zake au mustakabali wa watoto wake. Alichagua watoto. Akashauriwa basi asimkaribie kaka yake, na kwa malipo akaahidiwa msaada wa malezi yao. Barghash akaondoka, na msaada haukuja. Wanaomlaumu kwa kuhangaikia mirathi miaka yote, hata akakubali kutumiwa na Bismarck na kurudi Unguja mwezi Agosti 1885 nyuma ya manowari za Kijerumani, wangefanya vyema kuanza hesabu zao na mazungumzo hayo ya London. Alipofika Unguja alikuwa na watoto wake watatu, na watu wa mjini walimsalimu njiani. Kaka yake hakumwona.

Tofauti moja kati ya wasia huu na ule wa Mwana Kupona inauma. Mwana Hashima aliupokea wasia wa mama yake katika lugha waliyopikia na kuugulia pamoja. Watoto wa Bibi Salme walilelewa kama Wajerumani na Wakristo, na mama yao ilimbidi awasimulie kombe, arobaini na ndui kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima. Ndiyo maana anaeleza mno: mtu huwaelezea wageni hivyo.

Wasia haukupotea bure. Mwaka 1929 Rudolph Said alichapisha kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said. Antonie, aliyeishi miaka kadhaa katika Visiwa vya Marshall na mumewe aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko, aliandika kitabu cha mapishi kwa nchi za joto, kilichotoka mwaka 1907.

Mama yao hakufa katika miaka ile aliyoiogopa. Aliishi hadi 79, miaka mingi kati yake akiwa Beirut, karibu zaidi na lugha yake ya Kiarabu. Vita vya 1914 vilimkuta amerudi Ujerumani. Tarehe 29 Februari 1924 alifariki kwa nimonia mjini Jena, nyumbani kwa Rosalie, yule aliyekuwa na miezi isiyotimia minne baba alipokufa. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika kaburi la akina Ruete, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja.