Nyani Aliyehamishiwa Rhonda na Kompyuta

Mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, umepakana na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Upande mmoja ploti zimebanana, vibanda na vyumba vya kupanga. Upande wa pili kuna ua wa umeme, migunga na makundi ya nyani. Katika mitaa iliyo kandokando ya ua huo, watu hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia nyani wako wapi. Nyani wakivuka kuja kutafuta makombo, watoto hutangulia kupiga kelele.

Hata hivyo, nyani anaweza kuvuka ua bila kushuka mtini. Huvushwa na kompyuta, siku data yake inapotolewa kwenye programu moja na kuingizwa kwenye nyingine.

Ramani za zamani zilizochapishwa na Survey of Kenya zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ambao huchukulia dunia kuwa na umbo na kitovu tofauti kidogo na vile inavyochukuliwa na GPS, ambayo hutumia msingi wa WGS 84. Huku kwetu tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni takriban mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Mtafiti aliyesoma mahali pa nyani kwenye ramani ya karatasi, kisha tarakimu zile zile zikaingizwa kwenye programu ya leo bila kutaja msingi wake, atamwona nyani wake amesogea mita 300 kaskazini. Aliyelala ndani ya mbuga, karibu na ua, ataamkia kwenye paa la mtu Rhonda. Programu haitalalamika, kwa kuwa tarakimu ni halali na zimekaa kwenye safu zake.

Bonde la Ufa la kati limekuwa likiandika habari za wanyama wake kwa zaidi ya nusu karne, na kila kizazi cha waandishi kimerithi maandishi ya kizazi kilichotangulia kwa chombo kipya. Historia hiyo ya kuhamisha haijapewa nafasi inayostahili. Kinachosimuliwa ni ugunduzi. Kazi ya kunakili hubaki kwenye kabati.

Mwaka 1972 Shirley Strum, mwanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifika Kekopey, shamba kubwa la mifugo la familia ya Cole karibu na Gilgil. Kundi alilolifuata lilipewa jina la Pumphouse Gang. Vyombo vya kazi vilikuwa miguu, darubini, daftari na subira. Nyani walitambuliwa kwa sura, kwa mwendo na kwa makovu, wakapewa majina. Mwaka uliotangulia, Jeanne na Stuart Altmann walikuwa wameanza utafiti wa muda mrefu wa nyani kule Amboseli, kusini mwa nchi, na kazi hiyo inaendelea hadi leo.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann alichapisha makala kuhusu mbinu za kuchunguza tabia, iliyobadilisha jinsi watu wanavyoandika wanachokiona. Hoja yake ilikuwa rahisi na yenye makali: ukiandika tu kile kinachokuvutia macho, daftari lako litajaa ugomvi na kupandana, na mama anayenyonyesha kimya chini ya mti atakuwa kana kwamba hakuwepo. Chagua mnyama mmoja, mfuate kwa muda uliopangwa, andika kila anachofanya, kisha nenda kwa mwingine. Kwa mbinu hiyo tabia ikawa kitu kinachohesabika. Kitu kinachohesabika huingia kwenye jedwali, na jedwali huingia kwenye kompyuta.

Amboseli walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Madaftari na karatasi zao za fomu ziliingizwa kwenye hifadhidata iitwayo Babase, ambamo kila nyani ana kifupisho cha herufi tatu kisichorudiwa, na kila siku inaonyesha nani alikuwa kundi gani. Wakenya kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere, waliokaa porini miaka na miaka, ndio waliozijaza fomu hizo. Ukiona mchoro wa ukoo wa nyani wa Amboseli kwenye jarida la kisayansi, ujue umepitia macho ya watu hao kabla ya kufikia kioo cha kompyuta yoyote. Herufi tatu huonekana jambo dogo, lakini faili mbili zikikutana na kila moja ina nyani wake aitwaye Juma, hapo ndipo thamani ya kifupisho hujulikana.

Kekopey mambo yalikwenda vingine. Shamba liliuzwa, wakulima wadogo wakaingia, mahindi yakapandwa, na nyani wakaona wameandaliwa karamu. Mwaka 1984 Strum aliwahamishia Laikipia, jambo ambalo halikuwa limewahi kujaribiwa kwa nyani kwa kiasi kile. Wanyama walihama, na daftari likahama pamoja nao. Hapa ndipo uhamishaji wa data huonyesha uzito wake, maana orodha ya majina ya nyani inaweza kuendelea kutumika mahali papya, lakini jina la jabali walilokuwa wakilala Gilgil halina maana Laikipia. Aliyeandika "jabalini" alijua ni jabali lipi. Msomaji wa miaka 30 baadaye hajui.

Ziwa Nakuru lilikuwa na waandishi wake pia. Lilitangazwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, likawa mbuga ya kitaifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu, la kwanza nchini. Mwaka 1987 vifaru weusi waliletwa kutoka hifadhi ya Solio wakawekwa ndani ya ua. Kifaru hutambulika kwa mapengo aliyokatwa masikioni: kila mahali penye pengo pana thamani yake, na jumla yake humpa mnyama namba. Askari huandika mapengo hayo pamoja na mahali na wakati, na kwa miaka mingi taarifa za vifaru wa Kenya zimeingizwa kwenye programu ambayo jina lake ni Kifaru tu. Ni mfumo mzuri kwa sababu alama yenyewe imo mwilini mwa mnyama. Ukipotea mstari kwenye faili, sikio bado lipo.

Flamingo hana sikio la kukata, na hana adabu ya kubaki ziwa moja. Leo yuko Nakuru, kesho Bogoria, kesho kutwa Elementaita, na akitaka kuzaa huenda Natron, upande wa Tanzania, mahali ambapo Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyependa ndege kuliko ofisi, alipagundua mwaka 1954. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafunga flamingo wachache vifaa vya setilaiti huko Bogoria ili kujua wanakopita.

Na flamingo ndiye anayeonyesha kosa baya kuliko yote. Ziwa Nakuru liko kusini mwa ikweta, kati ya latitudo 0.3 na 0.4 hivi. Ziwa Bogoria liko kaskazini ya ikweta, latitudo 0.2 hadi 0.3 na ushei, na longitudo zao karibu zinalingana. Katika faili, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Programu nyingine huandika herufi S badala ya alama hiyo, na programu inayopokea isipoielewa S huitupa. Alama ikidondoka, ndege aliyesimama ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nakuru hutua kwenye ncha ya kaskazini ya Bogoria au jirani yake. Ingekuwa kifaru, kila mtu angecheka na kurekebisha. Flamingo huenda Bogoria kweli! Mchambuzi aliyeko Ulaya ataona ndege amesafiri kati ya maziwa mawili yanayojulikana kwa flamingo, na ataandika hivyo.

Ikweta ina mwenzake. Mstari wa longitudo 36 Mashariki unapita kilomita chache magharibi mwa Rhonda, na ndio mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita: Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton viko kanda ya 36, Rhonda na ziwa viko kanda ya 37. Mto Njoro huanza kwenye kanda moja ukaishia kwenye nyingine. Atakayechukua nukta za kanda ya 37 na kuiambia programu ni za 36 atawapeleka nyani wa Nakuru magharibi mwa Uganda, jirani na Mbuga ya Queen Elizabeth. Huko pia kuna nyani.

Kola za GPS zilidhaniwa zingemaliza matatizo haya. Kwa tembo wa Afrika zilijaribiwa Amboseli mwaka 1995, katika kazi ya Iain Douglas-Hamilton na shirika lake la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka 1993. Lakini nukta za enzi hiyo zina ugonjwa wake: jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, na mahali pangeweza kukosewa kwa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa mwanzoni mwa Mei 2000. Faili inayounganisha miaka ya 1990 na 2010 ina nukta za ubora wa aina mbili, na hakuna safu inayosema hivyo isipokuwa mtu aiongeze.

Kisha data ikafurika. Mwaka 2012, katika kituo cha Mpala, Laikipia, watafiti akina Ariana Strandburg-Peshkin na Margaret Crofoot waliwavisha kola nyani 25 wa kundi moja, kila kola ikichukua nukta kila sekunde mchana kutwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015 kwenye jarida la Science, yakionyesha kwamba kundi halimfuati mbabe mmoja, wengi hushiriki kuamua njia. Kwa saa 12 nyani mmoja hutoa nukta 43,200. Wote 25 hutoa 1,080,000 kwa siku. Jedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576, na kabla ya toleo la 2007 liliishia 65,536. Yaani siku moja ya kundi moja la nyani haienei kwenye karatasi nzima ya Excel, na kwa matoleo ya zamani nyani mmoja angeijaza kwa siku moja na nusu.

Excel ina visa vingine. Toleo la Windows lilianza kuhesabu siku mwaka 1900, la Macintosh mwaka 1904; tarehe zikinakiliwa ovyo kati yake, kila tukio huruka siku 1,462. Mkenya huandika siku kabla ya mwezi, Mmarekani mwezi kabla ya siku, kwa hiyo tarehe 3 Aprili hugeuka 4 Machi na mvua za masika huonekana zimewahi bila sababu. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani hutenganisha desimali kwa mkato, na mkato huo huo ndio unaotenganisha safu katika faili za kawaida.

Saa nazo ni jambo refu. Kola huandika saa za ulimwengu, ambazo ziko saa tatu nyuma ya Nairobi. Faili ikiingizwa kana kwamba ni saa za Kenya, nyani aliyeshuka mtini saa moja asubuhi ataonekana anatembea saa kumi alfajiri, gizani, chui wakiwa macho. Na daftari la msaidizi aliyeandika "1.00" akimaanisha saa moja ya asubuhi litakosewa kwa saa sita. Kwa wanaochimba kumbukumbu za ndege za enzi ya ukoloni kuna mtego zaidi: saa za Kenya ziliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45.

Tabia zilizorekodiwa kwa video zina balaa lake. EthoVision, programu ya kampuni ya Noldus kule Wageningen, Uholanzi, hufuata mnyama ndani ya picha. The Observer ya kampuni hiyo hiyo, na BORIS ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Torino, Italia, humsaidia mtu kuweka alama kwa kila tendo. Moja hutoa mahali, nyingine hutoa matendo, na anayetaka zote mbili lazima aziunganishe kwa wakati. Video ya saa moja yenye picha 25 kwa sekunde ina picha 90,000; programu inayodhani ni 30 kwa sekunde huifanya dakika 50. Nyani huchapua mwendo, na kila pumziko lake hufupishwa.

Movebank, hazina ya data za mienendo ya wanyama inayoendeshwa kutoka Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani, imepunguza makosa mengi kwa kumlazimisha mtu aseme safu ipi ni ya wakati, kwa saa za wapi, na mnyama ni yupi. EarthRanger, iliyoanzia katika kampuni ya Paul Allen mjini Seattle na inayotumika sasa katika hifadhi kadhaa za Kenya, hukusanya kola, doria na ripoti za askari kwenye ramani moja. Vyombo hivi ni bora kuliko vilivyotangulia. Ila havijui kwamba tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanuka kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu na ofisi. Weka nukta za nyani za miaka ya 1990 juu ya ramani ya leo, utaona kundi zima linaogelea.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Egerton, au askari wa Nakuru aliyerithi faili ya mtangulizi wake, asibonyeze kitufe cha kuingiza kabla hajaandika juu ya faili msingi wa ramani, kanda, saa za wapi na nani aliyeandika daftari la kwanza. Kisha atafute nukta moja ya mahali panapojulikana, lango la Lanet kwa mfano, aone imeangukia wapi. Na aliyelijaza daftari hilo akiwa bado hai, ampigie simu.