Daudi wa Nairobi, 1922

Wakati Harry Thuku alipoanza kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mwaka 1921, wafuasi wake waliosoma shule za misheni walikuwa tayari na mfano wa kumpimia. Katika sala na maandishi yao walimtaja sambamba na Musa na Daudi: mmoja aliyewatoa watu utumwani, mwingine kijana mchunga kondoo aliyemwangusha Goliathi.

Musa alieleweka kwa urahisi. Daudi ndiye aliyewagusa vijana wa mjini. Kisa chake, katika sura ya 17 ya Samweli wa Kwanza, ni cha mdogo wa mwisho katika nyumba ya Yese, aliyedharauliwa na kaka yake mkubwa, akaivua dirii ya mfalme kwa kuwa hakuizoea, akaingia vitani na kombeo na mawe matano ya kijitoni. Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa mwaka 1891, kwa hiyo kisa hiki kilisomeka hata kabla Wakikuyu hawajapata Agano la Kale lote kwa lugha yao.

Thuku mwenyewe alilelewa katika misheni ya Kambui, Kiambu, na alikuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali. Goliathi wa wakati huo hakuhitaji kutafutwa. Walowezi walikuwa wameafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, kodi ya kibanda ilikuwa imepanda hadi shilingi 16, na kila mwanamume alilazimika kubeba kipande, hati ya utambulisho. Wanawake na wasichana walichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Thuku aliposimama kupinga jambo hili la mwisho, wanawake walimpenda kiasi cha kumpa jina la heshima, na upendo huo ndio uliokuja kuonekana barabarani baadaye.

Upande wa magharibi wa mji, Thuku hakuungwa mkono hivyo. Dagoretti, ambako machifu na wamisionari walikutana na maofisa wa serikali Juni 1921, ilikuwa eneo la Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu aliyesimama na serikali. Machifu wa Kiambu walimwona Thuku kuwa kijana asiye na ukoo wala cheo cha kumpa haki ya kusema. Kwa macho ya wafuasi wake, dharau hiyo ilizidi kumfanya Daudi.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Wafanyakazi waligoma, na tarehe 16 maelfu walijaa mbele ya kituo cha polisi, mkabala na Hoteli ya Norfolk, mahali ambapo leo kipo kituo cha Central. Wajumbe walienda kumwona Katibu wa Koloni, Charles Bowring, wakarudi na kuwaomba watu watawanyike. Wanaume wengi walianza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume, tendo zito la laana kwa Wakikuyu, akawataka wampe suruali zao ikiwa wanaogopa, kwa sababu kiongozi wao yumo ndani. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea kwenye bunduki. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ilitangaza vifo 21, wanne kati yao wanawake. Simulizi za Waafrika zilitaja zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo.

Ukisoma sura ile ya Samweli kando ya siku hii, ni vigumu kukataa kwamba aliyetoka mbele ya jeshi bila dirii ni mwanamke huyu. Thuku alikuwa nyuma ya kuta, kisha akapelekwa uhamishoni Kismayu, na hakuachiliwa mpaka karibu miaka tisa ikapita. Aliporudi alishika njia ya upole: mwaka 1935 aliunda chama cha Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kuitii serikali, na miaka ya 1950 aliwapinga Mau Mau. Jina lake limebaki kwenye barabara inayopita mbele ya Norfolk. La Nyanjiru lilibebwa na wanawake wa Kikuyu katika wimbo wa Kanyegenuri, ulioendelea kuimbwa miaka mingi baada ya mauaji yale.