Fahamu Jinsi ya Kuweka Seva ya Picha za Ramani Kwenye Wingu Isizimike Siku ya Mafuriko

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, wakati Kenya ikiwa katikati ya mafuriko makubwa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki.

Yaani kipindi kile kile ambacho waokoaji na wahandisi wanahitaji kuona ni mtaa gani umejaa maji na daraja gani limekatika, ndicho kipindi ambacho ramani inaweza kugoma kufunguka. Watu wengi hudhani ukishaweka seva kwenye wingu, basi mambo yameisha. Hayajaisha. Wingu linakupa vifaa tu, kuvipanga ni kazi yako.

Seva ya picha za ramani ni nini?

Ni kompyuta inayohifadhi picha za setilaiti au droni na kumpa mtumiaji kipande anachokitazama tu.

Picha hizi ni nzito sana. Tuseme droni imepiga picha ambayo kila pikseli ni sentimita 10 ardhini. Kilomita moja ya mraba itakuwa na pikseli milioni 100. Kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, hiyo ni MB 300 kabla ya kubanwa. Kisiwa kama Unguja, chenye kilomita za mraba zaidi ya 1,600, kinafika karibu GB 500.

Na siyo mfano wa kufikirika. Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni mwaka 2016, na mradi wa Ramani Huria ulitumia picha za droni kuchora mitaa ya Dar es Salaam.

Huwezi kumtumia mtu faili la GB 500 kwenye simu. Kwa hiyo seva huikata picha vipande vidogo vinavyoitwa vigae, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256. Ukiitazama dunia nzima kwa mbali, kigae ni 1. Kila ukisogea karibu hatua moja, idadi inazidishwa mara 4. Hatua ya 18 ina vigae zaidi ya bilioni 68. Ndiyo maana seva nyingi hazitengenezi vigae vyote mapema, bali hukata pale mtu anapoomba. Seva ikizima, hakuna wa kukata.

"Isiyozimika" maana yake nini?

Hakuna seva isiyozima kabisa. Tunachopima ni muda wa kuzima kwa mwaka:

- Asilimia 99: zaidi ya siku 3 na nusu
- Asilimia 99.9: karibu saa 9
- Asilimia 99.99: karibu dakika 53

Sasa angalia hesabu hii. Ukiwa na vifaa vitatu vinavyotegemeana, kila kimoja asilimia 99.9, jumla yake siyo 99.9 tena. Inashuka hadi 99.7, sawa na zaidi ya saa 26 kwa mwaka. Lakini mashine mbili za asilimia 99 zinazofanya kazi moja, yeyote akibaki huduma inaendelea, zinakupa 99.99. Sharti ni moja tu: zisiharibike kwa sababu moja.

Sharti hilo ndilo linalowashinda wengi. Mashine mbili kwenye jengo moja, umeme mmoja na diski moja, ni sawa na mashine moja uliyoilipia mara mbili.

Hatua za kuijenga

1. Toa picha ndani ya mashine

Usihifadhi picha kwenye diski ya seva. Ziweke kwenye hifadhi ya faili ya wingu, kama S3 ya Amazon, ambayo kwa daraja lake la kawaida hutunza nakala katika kanda zisizopungua tatu za vituo vya data vilivyotengana. Diski ya kawaida ya EBS hukaa katika kanda moja tu. Kanda hiyo ikipata tatizo, diski yako haifikiki.

Kabla ya kuzipandisha, zigeuze kuwa muundo wa COG. Programu huria ya GDAL hufanya hivyo moja kwa moja tangu toleo la 3.1 la mwaka 2020. Faida ya COG ni kwamba seva husoma kile kipande inachokitaka bila kupakua faili zima.

2. Weka mashine mbili au zaidi, kanda tofauti

Mashine sasa hazina kitu cha thamani ndani, zinasoma picha kule kule pamoja. Ikifa moja, unawasha nyingine. Unaweza kutumia programu huria kama GeoServer, MapServer au TiTiler, au ya kulipia kama ArcGIS Image Server.

Kumbuka ukubwa. Ukiwa na mashine mbili, kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake. Kama kila moja inafanya kazi kwa asilimia 80 siku ya kawaida, ikianguka moja na ya pili itazidiwa. Ukiwa na tatu, usivuke theluthi mbili.

3. Weka msambaza mzigo mlangoni

Huyu ni kama mpanga foleni benki: anapokea kila ombi na kulielekeza dirisha lililo wazi. Watumiaji wanajua anwani moja tu, hawajui nyuma kuna mashine ngapi. Naye pia asiwe wa kanda moja.

Kila baada ya sekunde kadhaa anaziuliza mashine, "upo?" Hapa ndipo kuna mtego. Mashine inaweza kujibu "nipo" huku imeshindwa kufikia picha, na watumiaji wakaona ramani nyeupe. Kwa hiyo weka pia kipimo cha pembeni kinachoomba kigae halisi kila dakika, na kikikosa kiwapigie kelele wahusika.

4. Weka mipangilio mahali pamoja

Mashine zote lazima zijue huduma zile zile, watumiaji wale wale na ruhusa zile zile. Kwa ArcGIS, mashine za kundi moja husoma mipangilio kutoka sehemu moja na lazima ziwe toleo moja la programu. Wengi huweka mipangilio hiyo kwenye folda ya kompyuta moja. Hiyo kompyuta ikizima, kundi zima linayumba. Kwenye Amazon inawezekana kuiweka S3 na DynamoDB badala ya folda. Kwa GeoServer na nyingine, tumia hifadhi ya pamoja inayovuka kanda.

Fanya vivyo hivyo kwa hifadhidata na cheti cha usalama. Cheti kikiisha muda, mashine zote zinakataliwa kwa dakika moja, hata ziwe kumi.

5. Sogeza vigae karibu na watu

Tumia mtandao wa kusambaza maudhui, ambao hutunza vigae vilivyokwisha kuombwa. Amazon CloudFront ina kituo Nairobi, na Cloudflare ina vituo Nairobi na Mombasa. Kigae kilichoombwa asubuhi kinaweza kutolewa hapo hapo mchana bila kwenda tena kwenye seva. Ramani inakuwa nyepesi, na mashine zako zinapumua.

6. Zima mashine moja kwa makusudi

Hatua hii wengi huikwepa. Chagua siku tulivu, watangazie wahusika, kisha zima mashine moja huku mtu mwingine akiendelea kuzungusha ramani kwenye simu. Ikiganda kwa sekunde chache kisha ikaendelea, umefaulu. Ikikata kabisa, umegundua mapema. Rudia kila baada ya mabadiliko makubwa.

Na mkongo wa baharini je?

Hapa tunarudi Mei 2024. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020 na Google Johannesburg tangu 2024. Hitilafu ya EASSy na Seacom ilikuwa upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, njia ya kaskazini kwenda Ulaya.

Maana yake, seva ya Cape Town inaweza kuwa nzima kabisa, taa zote za kijani, na wewe uliye Mtwara au Mombasa usiione. Kuongeza mashine ya tatu kule kule hakusaidii chochote, kwa sababu barabara ni ile ile.

Dawa ni mbili. Kwanza, weka nakala ya picha na seva ndogo ndani ya nchi, kwenye kituo cha data cha hapa hapa. Pili, wape watu wa uwanjani nakala ya kutumia bila intaneti. Faili la MBTiles hubeba vigae vya wilaya nzima ndani ya faili moja, na hufunguka kwenye QGIS na programu kadhaa za simu. Likisasishwa kila mwezi, halisubiri mkongo utengenezwe.

Je, kila ofisi inahitaji haya yote?

Hapana. Wingu hulipisha mashine kwa muda, na watoa huduma wakubwa hulipisha pia data inayotoka nje. Kama ramani yako hutazamwa na watu 10 saa za kazi, mashine moja, picha zilizo kwenye hifadhi salama na maelekezo ya kuijenga upya ndani ya saa moja vinakutosha.

Lakini kama kuna mtu ataamua gari la uokoaji lipite wapi kwa kutazama ramani yako, jiulize maswali haya manne kabla ya masika:

- Mashine moja ikifa sasa hivi, nani ataona tofauti?
- Kituo kizima cha data kikizima, picha ziko wapi?
- Intaneti ya nje ikikatika, nani bado ana ramani?
- Mara ya mwisho kulijaribu hilo ilikuwa lini?

Swali ambalo huna jibu lake, anza nalo.