Masanduku 5,000 ya Liemba na Programu za Umma

Kila nisimamapo kwenye gati la Kigoma, huwakumbuka walioijenga Liemba. Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, karakana ya Meyer iliiunga meli hiyo kwa bolti, ikaifumua, kisha ikaifungasha katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini. Mafundi hawakusafirisha matumaini. Walihakikisha kwanza kwamba vipande vinaungana.

Kwa meli moja, njia hiyo ilitosha. Kwa programu za kompyuta haitoshi. Mwaka 1976 mwanasayansi David Parnas alishauri programu zibuniwe kama familia: tutazame kwanza zinachoshiriki, ndipo tutazame zinapotofautiana. Leo nchi zote 4 zinazopakana na Ziwa Tanganyika hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, mfumo wenye msingi mmoja ambao kila nchi huupanga kwa mahitaji yake.

Hapo ndipo hesabu inapotuelemea. Mfumo wenye sehemu 20 za hiari, kila moja ikiwa imewashwa au imezimwa, una sura 1,048,576. Hakuna karakana iwezayo kuijaribu kila moja.

Hatari yake si ya kufikirika. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, ikazaa namba iliyozidi nafasi iliyotengwa. Kipande kilisafiri, sharti lake halikusafiri nacho.

Tiba ipo. Kila sehemu iandikiwe kwa lugha ya hisabati inachohitaji na inachoahidi. Kisha zana maalumu za kompyuta zithibitishe kwamba kila muungano ulioruhusiwa unatimiza ahadi hizo, na kuukataa usiotimiza. Programu za usalama za treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa 1998, zilijengwa kwa uthibitisho wa namna hii. Hata hivyo, uthibitisho haulindi jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8. Mfumo uliofaa Kasulu unapopelekwa Uvinza au Kigoma Ujiji, mtumishi wa umma aulize mambo matatu: masharti yake yameandikwa wapi, nani ameyathibitisha, na je, uthibitisho huo unaihusu sura tunayopewa sisi? Muuguzi wa zahanati ya kando ya ziwa hana namna ya kuuliza hayo. Anayesaini mkataba anayo, na ni wajibu wake kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi.