Wakili wa Ushuru: Kazi Yake ni Nini, na Wewe Utamhitaji Lini?

Hapa Pwani, ukitaja wakili, wengi hufikiria kesi za mashamba, mirathi au jinai. Wakili wa ushuru ni mgeni masikioni mwa watu, na wengi hudhani kazi yake ni ya makampuni makubwa ya Nairobi tu. Dhana hiyo imewagharimu wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha na waagizaji magari wengi, kwa sababu barua ya KRA haichagui mkubwa wala mdogo. Makala haya yaeleza kazi ya wakili huyu, njia ambayo kesi ya ushuru hupitia nchini Kenya, na mambo ambayo kila mwenye biashara afaa kuyajua kabla barua haijamfikia.

Ni nani huyu?

Uingereza mawakili wamegawanyika mafungu mawili: wale wanaosimama mahakamani na wale wanaoshughulikia hati na ushauri ofisini. Kenya haina mgawanyiko huo. Wakili wetu hufanya yote mawili, maadamu amehitimu katika sheria, amepitia Kenya School of Law, amefanya mafunzo ya kazi chini ya wakili mzoefu, ameapishwa, na ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Wa ushuru ni yule aliyejikita katika sheria za kodi ya mapato, VAT, forodha na taratibu za ushuru.

Tusimchanganye na mhasibu wala na wakala wa ushuru. Mhasibu hutengeneza hesabu. Wakala wa ushuru, aliyepewa leseni, hukusaidia kujaza ritani na kuwasiliana na KRA. Wakili huingia pale swali linapokuwa la sheria: je, pesa hizi kweli ni mapato? Kamishna amefuata utaratibu? Sheria aliyoitumia inaruhusu alichofanya? Isitoshe, mazungumzo yako na wakili yanalindwa na Sheria ya Ushahidi. Kwa kawaida kesi nzuri huwa na wote wawili, mhasibu akipanga namba na wakili akipanga hoja.

Msingi wa kazi hii umo katika Katiba. Kifungu cha 210 chasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Kifungu cha 47 champa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za umma. Kwa hivyo KRA ina nguvu nyingi, lakini kila shilingi inayoidai lazima ionyeshe mlango wa sheria ilipoingilia.

Ngazi za kesi ya ushuru

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 ndiyo ramani. Mambo huanza kwa makadirio: KRA inakuandikia kwamba wadaiwa kiasi fulani. Tangu siku uliyoarifiwa, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi.

Pingamizi si barua ya kulalamika wala ya kuomba huruma. Sheria yataka useme wazi hoja zako, marekebisho unayotaka yafanywe na sababu zake, na uambatanishe hati zote zinazohusika. Sehemu ya ushuru ambayo huipingi yafaa uwe umeilipa, au umeomba mpango wa kuilipa. Ukikosa hayo, Kamishna aweza kusema pingamizi lako si halali, na hapo umerudi nyuma kabla hujaanza.

Pingamizi likiwa halali, Kamishna naye ana muda wake: siku 60 kutoa uamuzi. Zikipita bila uamuzi, sheria yalichukulia pingamizi kuwa limekubaliwa. Kuna walipa ushuru walioshinda kwa sababu hiyo moja tu, kwamba uamuzi ulichelewa. Ndiyo maana jambo la kwanza atakalokuuliza wakili ni tarehe, kabla hata ya kuuliza kiasi.

Uamuzi ukikuangukia, una siku 30 kuwasilisha notisi ya rufaa katika Jopo la Rufaa za Ushuru, lililoundwa kwa sheria ya 2013. Ada yake ni shilingi 20,000, hairudishwi. Ndani ya siku 14 baada ya notisi, unawasilisha hati ya rufaa, maelezo ya ukweli wa mambo na nakala ya uamuzi unaoupinga. Jopo laweza kukuongezea muda ukiwa ulikuwa mgonjwa, ulikuwa nje ya nchi, au una sababu nyingine ya maana. Kutojua sheria hakuhesabiwi.

Kutoka Jopo, anayeshindwa ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufaa. Lakini huko rufaa husikizwa kwa hoja za sheria tu. Risiti uliyoisahau nyumbani wakati wa Jopo haitakusaidia tena. Kesi nyingi hushindwa au kushindikana chini, katika ngazi ya hati, wala si kwa ufasaha wa wakili mbele ya jaji.

Iko pia njia ya maelewano. Sheria yaruhusu pande mbili kusuluhisha nje ya Jopo au mahakama, na muda uliowekwa ni siku 120. Wakili mwema hukuambia mapema ikiwa kesi yako yafaa sulhu kuliko vita.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwako

Hili ndilo huwashangaza watu. Katika kesi ya jinai, serikali ndiyo yenye kuthibitisha. Katika ushuru, ni wewe uliyekadiriwa ndiye mwenye kuonyesha kwamba makadirio si sahihi.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea. Mama ana duka la nguo. Akaunti yake ya benki imeingiza shilingi milioni 9 kwa mwaka. KRA yaiangalia na kusema: haya ni mauzo, na umevuka milioni 5 zinazokulazimu kujisajili kwa VAT, basi leta asilimia 16. Yeye ajua ukweli mwingine. Milioni 3 zilitoka kwa mwanawe aliye Oman, za kujengea nyumba. Milioni 1 na nusu ni za chama, maana yeye ndiye mweka hazina. Laki 5 ni mchango wa harusi ya mpwa wake. Mauzo halisi ni milioni 4.

Anasema kweli, lakini ukweli usio na karatasi hauna uzito mbele ya Jopo. Kazi ya wakili hapa ni kuutafuta ukweli huo na kuupa miguu: stakabadhi za pesa zilizotumwa kutoka Muscat, ujumbe wa simu, mapatano na fundi, daftari la chama na sahihi za wanachama, orodha ya wachangiaji wa harusi, na kiapo cha mtoto. Kila pesa iliyoingia inapewa jina na ushahidi wake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye vibanda vya M-Pesa nao waelewe hivyo hivyo: pesa zinazopita mikononi mwa ajenti si mapato yake. Mapato yake ni kamisheni. Asiyeweka hesabu mbalimbali atapata taabu kueleza.

Bandarini sheria ni nyingine

Kwa sisi wa Mombasa, mgogoro mwingi huzuka Kilindini. Gari au kontena limefika, na afisa wa forodha asema thamani uliyoandika ni ndogo, au bidhaa imewekwa katika fungu lisilo lake. Hapa yatumika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na siku zake si zile za mwanzo.

Una siku 30 kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi. Yeye ana siku 30 kujibu, na akinyamaza, ombi lako lachukuliwa kuwa limekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 45 kwenda Jopo la Rufaa za Ushuru. Kuhusu thamani, sheria hiyo yaweka njia sita za kuikadiria, kwa mpangilio, na ya kwanza ni bei uliyolipa kweli. Afisa haruki moja kwenda nyingine apendavyo, lazima awe na sababu. Lakini nawe lazima uwe na ankara na ushahidi wa malipo ya benki, si maneno ya ajenti aliyekutolea mzigo. Na kila siku unayobishana, ada za kuhifadhi mzigo zaongezeka. Ndiyo maana wakili wa forodha mara nyingi huanza kwa kuomba mzigo uachiliwe kwa dhamana, kisha hoja zifuate.

Wadogo nao hushinda

Wasiodhani mahakama ni ya wakubwa wakumbuke kesi ya ushuru wa kima cha chini. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta ushuru wa asilimia 1 ya mauzo yote, ulipwe hata na biashara iliyopata hasara. Waliokwenda mahakamani si benki wala kiwanda, ni maafisa wa chama cha wenye baa wa Kitengela. Septemba 2021, Mahakama Kuu ya Machakos ilisema ushuru huo unakwenda kinyume cha Katiba, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo.

Lakini mahakama si ya kutegemewa kwa upande mmoja. Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima. Oktoba mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo na sheria ikabaki. Aliyekuwa ameacha kulipa kwa kutegemea hukumu ya kwanza alijikuta na deni. Ushauri wa wakili mwaminifu ni huu: hukumu haijawa ya mwisho mpaka imefika mwisho.

Ukimtafuta wakili

Hakikisha kwanza ana cheti cha mwaka huu, jambo ambalo Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, hukuwezesha kulithibitisha. Muulize kesi ngapi amefikisha katika Jopo la Rufaa za Ushuru. Ada iandikwe kabla kazi haijaanza. Akikuambia hutamlipa ila ukishinda, jua kwamba Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya aina hiyo. Na akikuahidi kwamba "ana mtu wake" ndani ya ofisi, ondoka. Huyo hakuuzii sheria.

Kwa upande wako, fungua akaunti yako ya iTax mara kwa mara na uhakikishe barua pepe iliyosajiliwa ni yako, si ya kijana wa saiba aliyekufungulia PIN miaka iliyopita. Barua nyingi za KRA hupelekwa huko, na siku huanza kuhesabiwa hata kama hujaisoma. Weka hati zako kwa miaka 5, maana sheria yakutaka hivyo. Tenganisha akaunti ya duka na ya nyumbani. Mwenye nyumba za kupangisha akumbuke kwamba kodi inayofikia shilingi 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15 hutozwa asilimia 7.5, ilipwe kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Barua ikija, usiifiche kabatini. Siku 30 zikipita bila pingamizi, makadirio yageuka deni, na Kamishna aweza kuiamuru benki imlipe kutoka akaunti yako, huku riba ya asilimia 1 kila mwezi ikiendelea. Hapo hata wakili hodari huwa na kazi ya kuomba tu. Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika ushuru nyumba hiyo hujengwa kwa siku 30.